Jeli Iliyokataa Kuyeyuka

Kazi ya kwanza ya Wakesho kila asubuhi ilikuwa papai bichi. Kabla hajavaa sare, kabla hata hajanywa chai, alilimenya, akalitwanga pamoja na maganda yake, kisha akaipaka nyama ya mbuzi rojo lile na kuifunika. Shangazi yake, Pauline, alikuwa na hoteli ndogo nyuma ya soko la Voi, meza nne na benchi moja lililoyumba, na wateja wake walikuwa watu wa haraka, madereva wa malori na wachuuzi. Mbuzi wa huku wameshinda wakipanda na kushuka vilima maisha yao yote, na nyama yao ni ngumu ajabu. Bila papai, mteja angetafuna chakula cha mchana mpaka jioni.

Wakesho alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane. Wazazi wake walikuwa wakilima Sagalla, naye alikaa na shangazi ili awe karibu na shule. Walielewana vizuri sana hao wawili, mpaka mwezi ule.

Mwezi ule shangazi aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya njugu. Haukuuma. Alikwenda kliniki, muuguzi akampapasa, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Alhamisi ya wiki ya tatu. Huko angechomwa sindano na kutolewa kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe. Shangazi aliileta barua nyumbani, akaiweka nyuma ya kalenda ukutani. Tangu hapo hakuitaja tena.

Aliyeifunga midomo ya shangazi alikuwa Mama Katuku, muuza mboga wa kibanda cha jirani. Mama Katuku hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na habari ya kila kitu, na hakuna habari yake iliyokuwa na shaka.

"Pauline, usithubutu kuguswa na chuma," alimwambia huku akipanga sukuma wiki. "Kitu hicho kikiwa kimetulia, kiache kitulie. Kikidungwa tu, kinatawanyika mwili mzima. Namjua mama mmoja wa Mbololo alikatwa, na mwaka haukuisha."

"Sasa kama alichelewa kwenda?" Wakesho aliuliza.

"Mtoto, watu wazima wanaongea," Mama Katuku alisema.

Wakesho alimtazama shangazi, akitumaini atasema neno. Shangazi aligeuza chapati. Wakesho alienda shule akiwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani zaidi.

Siku hiyohiyo Mwalimu Ndila, mwalimu wa Sayansi, aliwataka wanafunzi wachague mada za maonyesho ya sayansi. Wakesho hakusubiri hata dakika. Aliinua mkono akauliza saratani husambaa vipi mwilini, na kama ni kweli kwamba isipoguswa hutulia.

Mwalimu Ndila aliweka chaki chini. "Hapana, haitulii kwa sababu tumeiacha," alisema. "Mwili wetu umejengwa kwa seli, na seli hizo zimezungukwa na nyuzi imara zinazoishikilia nyama pamoja. Nyuzi hizo ni za protini inayoitwa kolajeni. Kuna seli za saratani ambazo hutengeneza protini zao wenyewe na kuzitoa nje. Baadhi ya protini hizo hufanya kazi kama mkasi. Zinazikata zile nyuzi. Nyingine huzisaidia seli kusogea. Pakishapatikana pengo, seli inapenya, na ikiufikia mshipa inabebwa na kupelekwa mbali."

"Kwa hiyo inajitengenezea njia yenyewe," Wakesho alisema polepole. "Hata kama hakuna aliyeigusa."

"Yenyewe. Wakati wewe unapika, unalala, unafua."

Wakesho aliona amepata dawa ya maneno ya Mama Katuku. Akasema anataka kuionyesha hiyo njia ili mtu aione kwa macho. Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akampa wazo. Utomvu wa papai bichi nao hukata protini, ndiyo maana hulainisha nyama. Watengeneze jeli kwenye vikombe viwili. Kimoja watie utomvu juu yake, kingine watie maji matupu. Cha utomvu kitayeyuka kwa juu, cha maji kitabaki kigumu.

"Jeli itakuwa badala ya nyama, utomvu badala ya zile protini," Mwalimu alisema. "Rahisi tu."

Rahisi tu. Maneno hayo mawili yalimsumbua Wakesho wiki nzima.

Alifanya kazi na rafiki yake Shanice, msichana mcheshi aliyependa mambo yaishe haraka. Walinunua jeli nyekundu ya unga kwenye duka kubwa la mjini, wakaikoroga kwa maji moto, ikaganda vizuri. Wakakinga utomvu mweupe wa papai, wakaumwaga juu ya kikombe kimoja. Wakakaa kungoja.

Saa moja ikapita. Jeli haikutikisika. Saa mbili, bado. Walipoondoka jioni, vikombe vyote viwili vilikuwa vigumu sawasawa, na utomvu ulikuwa umekaa juu umetulia.

Kesho yake walirudia na papai jingine. Wapi. Siku ya tatu walitia utomvu mara mbili. Wapi. Jumatatu ya wiki iliyofuata Wakesho alileta papai kutoka jikoni kwa shangazi, lilelile lililokuwa likilainisha mbuzi kila siku, na jeli ikagoma vilevile. Alikichukua kikombe akakitikisa karibu na sikio, utadhani kitamwambia sababu. Machozi ya hasira yalimlenga.

"Nyama ya mbuzi mzee inalainika, hii jeli ya watoto inakataa," alisema. "Kwa nini?"

"Mimi nimechoka," Shanice alisema. "Si tutie maji moto kidogo kwenye kimoja? Kitayeyuka, tutasema ni papai. Kwani si kweli kwamba papai linayeyusha? Mwalimu mwenyewe amesema."

"Huo ni uongo."

"Ni ukweli tunausaidia tu."

Wakesho alikataa. Lakini jioni, alipofika hotelini na kuiona kona ya barua ikichungulia nyuma ya kalenda, maneno ya Shanice yalianza kumtekenya. Alhamisi ilikuwa imebaki siku tatu. Aliwaza: jambo lenyewe ni la kweli, jeli ndiyo yenye ukaidi. Basi akatia vijiko vitatu vya maji ya moto kwenye kimoja cha vikombe vya jeli alivyorudi navyo, akasubiri juu iwe majimaji, akadondosha utomvu, akaenda nacho mbele ya shangazi.

"Shangazi, tazama. Hiki nilitia maji tu, kimebaki kigumu. Hiki nilitia utomvu wa papai, ona kilivyoyeyuka. Saratani nayo inatoa kitu kama hiki, inajifungulia njia. Haihitaji kisu."

Shangazi Pauline alifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa amepika kwa miaka ishirini, vyombo alivijua. Alikishika kikombe kwa kiganja, akakishika cha pili.

"Mbona hiki kina joto?" aliuliza.

Wakesho alinyoosha mkono akichukue kikombe, shangazi akakishikilia.

"Nimekuuliza, Wakesho. Hiki kina joto, hiki kingine ni baridi. Papai siku hizi linachemka?"

"Nilitia maji moto," Wakesho alisema, akiangalia sakafu. "Kidogo tu."

Shangazi aliviweka vikombe mezani taratibu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mama Katuku ananieleza asichokiona. Wewe uliyesoma unanionyesha uongo kwenye kikombe. Mwili ni wangu, mwanangu, na ninaogopa. Sasa niambie, nimwamini nani?" Akaingia jikoni.

Jumanne asubuhi Wakesho alimngoja Mwalimu Ndila kwenye mlango wa darasa, akamweleza yote: jeli iliyogoma mara nne, maji ya moto, kikombe chenye joto, na barua iliyokaa nyuma ya kalenda. Alieleza akilia, nusu kwa aibu na nusu kwa kuchoka. Alitarajia adhabu.

"Paketi ya hiyo jeli iko wapi?" Mwalimu aliuliza.

Shanice alikuwa nayo kwenye mkoba. Mwalimu aliisogeza karibu na macho, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akacheka kwa uchungu.

"Hii imegandishwa kwa mwani, majani ya baharini," alisema. "Haina protini ya kukatwa. Mkasi wetu hukata protini tu. Mngemwaga utomvu mpaka mwaka ujao, isingeyeyuka. Kosa ni langu pia. Niliwaambia jeli, sikuwauliza jeli gani. Lakini oneni, ile jeli haikuwadanganya hata siku moja. Ilikuwa ikiwaambia kitu, nanyi mkataka kuinyamazisha kwa maji moto."

Wakesho alikumbuka kitu. Jumamosi shangazi huchemsha miguu ya ng'ombe kutwa nzima, na supu ikibaki, asubuhi inakuwa imeganda kwenye sufuria, inatingishika.

"Supu ya miguu," alisema. "Ile nayo ni jeli?"

Mwalimu akapiga meza kwa kidole. "Ile ndiyo jeli yenyewe. Ngozi na mishipa ya ng'ombe imejaa kolajeni, ileile inayoushikilia mwili wako. Ukiichemsha sana inatoka, ikipoa inaganda."

Shanice alikimbia kwa mama yake akarudi na kibakuli cha supu ya jana iliyoganda. Wakagawa vikombe viwili, wakatia utomvu kimoja, maji kingine. Hata kengele ya mapumziko haikuwa imelia, Wakesho aliona cha utomvu kinalegea. Moyo ukamruka. Kisha akatazama cha pili. Nacho kilikuwa kimelegea. Joto la Voi lilikuwa limeingia darasani na kuviyeyusha vyote viwili bila upendeleo.

Shanice alijitupa kwenye dawati. "Si tunacho kimoja kilichoyeyuka? Tukifiche hiki kingine."

"La," Wakesho alisema. Alichukua daftari akaandika kwa herufi kubwa: Vyote vimeyeyuka. Hatujui kama ni papai au ni joto. Kuandika vile kulimuuma kuliko kuchapwa, lakini aliandika.

Jioni alikwenda moja kwa moja jikoni. Shangazi alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Shangazi, naomba unisamehe," Wakesho alisema. "Nilikudanganya. Na ukweli ni kwamba sijaweza. Jeli ya dukani haikuyeyuka kwa sababu ni ya mwani. Leo tumejaribu supu ya miguu, ikayeyuka yote kwa joto. Sina cha kukuonyesha."

Shangazi aliendelea kuchambua, kisha mkono ukasimama. "Supu ya miguu? Darasani? Na jua hili?"

"Ndiyo."

"Nyinyi mnasoma kweli?" Pembe ya mdomo wake ilicheza. "Supu ya miguu haikai Voi mchana hata dakika ishirini. Kwa nini nikiitaka igande naiweka chini kabisa kwenye friji ya soda?" Alisimama. "Lete vikombe. Na usiguse kitu. Safari hii nitafanya mwenyewe."

Akafanya mwenyewe. Alipasha supu iliyobaki tangu Jumamosi, akaimimina vikombeni, akaiweka kwenye friji ikaganda hadi asubuhi. Jumatano alfajiri alikata papai kwa kisu chake, akakinga utomvu, akatia kikombe cha kushoto. Cha kulia akatia maji baridi kwa kiasi kilekile. Akavirudisha vyote viwili rafu moja, akafunga mlango wa friji na kuweka ufunguo kwenye aproni. Mteja aliyetaka soda siku hiyo alinyweshwa chai.

Saa kumi alasiri Wakesho alifika akihema. Mama Katuku alikuwa tayari ameketi kwenye benchi. Jambo kama lile lisingempita. Shangazi alitoa vikombe akavishika kwa viganja vyote viwili.

"Baridi," alisema. "Vyote."

Aliinamisha kikombe cha kulia. Maji ya juu yalimwagika, lakini supu ilibaki imegandamana, haikutoka hata tone. Akainamisha cha kushoto. Supu ilitiririka sahanini kama maji ya kuoshea mchele, na chini kikabaki kipande kidogo kilicholiwa kando. Shangazi alikitazama kile kipande kwa muda mrefu.

"Hakuna aliyekigusa," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi mwenyewe nilikuwa na ufunguo."

"Basi mimi papai silii tena," Mama Katuku alisema.

"Papai halileti saratani, Mama Katuku," Wakesho alisema haraka. "Ni mfano tu. Saratani ina protini zake yenyewe, haziko kwenye papai. Zinafanana kwa kazi hiyo ya kukata."

Mama Katuku aliguna, akionekana kuwaza mapapai aliyobakiza kibandani. Shangazi hakucheka. Alimgeukia Wakesho na kumtazama usoni.

"Nimeona kwamba ikiachwa haikai. Sasa nijibu hili. Sindano ikiingia, haitaitawanya?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wakesho alijua jibu alilotaka kulitoa. Angesema hapana, kwa sauti ya uhakika, na shangazi angekwenda kesho. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akakumbuka kikombe chenye joto.

"Sijui, Shangazi," alisema, na sauti ikamtetemeka. "Vikombe hivi havina sindano. Vinaonyesha jambo moja tu, na umeliona. Hilo la sindano anajua daktari. Mimi ningependa uende ukamuulize, hata kama hutadungwa."

Shangazi Pauline alivua aproni, akaenda ukutani, akaichomoa barua nyuma ya kalenda na kuikung'uta vumbi.

"Kesho nitafunga hoteli mpaka saa nane," alisema. "Watakaokuja waambie."

Alhamisi Wakesho hakusikia hata neno moja la masomo. Aliporudi alimkuta shangazi amekaa mezani kama mteja, na bandeji ndogo ikionekana ukosini mwa blauzi.

"Nilimuuliza," shangazi alisema kabla hajaulizwa. "Daktari aliweka kalamu chini akanijibu vizuri. Amesema sindano ni nyembamba, na hatari ya kusambaza ni ndogo mno. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni sisi kukaa nayo miezi na miaka tukiihofu. Yule mama wa Mbololo, amesema hamjui, lakini wengi wanaofika kwake kisu kikashindwa, walifika ugonjwa umeshasafiri." Akashusha pumzi. "Nikalala kitandani, nikadungwa. Inauma kama mwiba wa mgunga, basi."

Majibu yalichukua wiki mbili, na hizo zilikuwa wiki za kuchosha. Shangazi alichoma chapati, Wakesho alisahau papai, madereva wakatafuna wakinung'unika. Katikati ya wiki hizo yakaja maonyesho ya sayansi. Wakesho na Shanice walipanga mezani vikombe vyote, pamoja na jeli nyekundu iliyogoma na ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa herufi kubwa. Shanice alitaka kuuficha ule ukurasa mpaka dakika ya mwisho. Wakapata nafasi ya tatu. Shanice alisema wangepata ya kwanza kama wangeficha, Wakesho akamwambia huenda.

Kisha majibu yakaja. Ilikuwa saratani. Shangazi aliendelea kuzungumza akiwa ameishika barua ya majibu kwa mikono miwili. Uvimbe ulikuwa mdogo. Vipimo vingine vilionyesha haujatoka mahali pake. Angefanyiwa upasuaji mwezi huo, kisha apewe dawa, na daktari alikuwa na matumaini mazuri. Mama Katuku, aliyekuwa amesimama mlangoni na fungu la mchicha, aliliweka mezani. Halafu akauliza kliniki ya wanawake hufunguliwa siku gani.

Jioni, wateja walipokwisha kuondoka, Wakesho alisuuza sahani na shangazi akazifuta. Wakesho alikuwa na swali lililomwasha tangu Jumatano ile.

"Shangazi, ni vile vikombe vilivyokufanya uende?"

"Vikombe vilinishtua," shangazi alisema. "Lakini mtu anaweza kushtuka na bado akakaa." Aliweka sahani juu ya nyingine. "Nisikilize, mwanangu. Wote mlitaka kunisaidia. Mama Katuku alisema anajua. Wewe na maji yako ya moto ulisema unajua. Nami nilikuwa nimechoka na watu wanaojua. Siku ulipotetemeka mbele yangu ukasema 'sijui, nenda ukaulize', nilijua sasa naambiwa ukweli, hata ule usiokupendeza. Mgonjwa hawezi kutembea juu ya uongo, hata uwe umesemwa kwa upendo. Usinidanganye tena, hata kuniokoa."

"Sitakudanganya," Wakesho alisema.

"Haya. Upasuaji ni tarehe ishirini. Utakuja nami, na kama nitaogopa, nitakuambia ninaogopa."